Kitanda cha Futi Tatu kwa Sita

Mama alivunjika nyonga mwezi wa Julai 2019, akitoka kuchuma chai. Huo ndio mwezi wa baridi kule Tetu: ukungu wa Nyandarua huteremka hadi uani, njia za udongo mwekundu hazikauki, na mtu wa miaka 71 akiteleza huteleza mpaka bondeni. Alifanyiwa upasuaji mjini Nyeri, akapewa fremu ya chuma ya kujishikilia anapotembea, na daktari akatoa sharti moja: asirudi nyumbani kwanza. Kwetu ni mteremko mtupu. Choo kiko chini ya migomba, na hata mzima huenda huko akishika matawi. Mama alihitaji nyumba tambarare yenye choo ndani, na mtu wa kumwangalia hadi mfupa ushike.

Ndugu zangu walipanga kwa simu. Kaka mkubwa anaishi Nairobi, ghorofa ya nne, ngazi tupu. Dada yuko Kerugoya, nyumba imejaa watoto na mama mkwe. Uamuzi haukuchukua muda. "Wewe huna mke wala watoto," kaka aliniambia. "Una nafasi." Kwetu, mtu ambaye hajaoa huhesabiwa kuwa na nafasi ya kila kitu: kuchangia karo za wapwa, kukesha na wagonjwa, kusafiri usiku kusindikiza maiti. Nilikubali bila kusita, kwa kuwa Mama ni Mama. Kisha nikakata simu nikamtazama mwenzangu, aliyekuwa pale pale jikoni akimenya viazi na alikuwa amesikia kila neno.

Tulikuwa tukiishi pamoja Nanyuki tangu 2010. Mimi nilisoma kilimo Egerton, pale Njoro, nikahitimu mwaka 2000, na nafanya kazi kwenye shamba la maua upande wa Timau. Yeye ni mtu wa Chogoria, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, na ana duka la pembejeo na dawa za mifugo karibu na soko. Tulikutana kwenye maonyesho ya kilimo ya Kabiruini, nje ya mji wa Nyeri, tukibishana juu ya dawa ya kupe. Kwa jamaa zangu alikuwa "yule kijana mnayegawana naye kodi". Wakati huo alikuwa na miaka 41, ana mvi, analipa ushuru wa duka, anaheshimiwa na wafugaji kutoka Naro Moru hadi Doldol. Lakini mwanamume asiye na mke hubaki kijana mpaka azikwe.

Kuficha ni kazi ya nyumbani, ya mikono, kama kufua na kupiga deki. Jamaa akipiga simu kuwa yuko Kiganjo na baada ya saa moja atafika, picha ya ukutani hushuka, viatu vya mmoja huingia chini ya kitanda, kikombe chenye herufi ya jina lake hufichwa nyuma ya unga. Mkoba wake mdogo wa safari ulikaa nyuma ya mlango, umepangwa tayari: nguo mbili, chaja, wembe. Mgeni akija, yeye huenda Chogoria au hulala dukani juu ya magunia. Hatukuwaogopa jamaa peke yao. Mwenye nyumba akisikia maneno anaweza kukupa notisi. Mtu akipata picha yako anaweza kukudai pesa kila mwisho wa mwezi, na huwezi kwenda polisi kumshtaki, kwa kuwa kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinataja miaka 14 jela, na cha 165 miaka mitano. Sheria hiyo waliiacha wakoloni, lakini ilikaa nasi sebuleni kila mgeni alipobisha hodi.

Na mwaka ule tulikuwa tumeumia upya. Tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu walikataa kuviondoa vifungu hivyo. Siku tatu kabla ya hukumu, mwandishi Binyavanga Wainaina, mmoja wetu, alikuwa amefariki Nairobi. Tuliisikiliza hukumu kwenye redio ya dukani, sauti imepunguzwa, na mteja mmoja aliingia kutafuta chanjo ya kuku akatukuta tumesimama kimya. Mwenzangu alimhudumia, akamrudishia chenji, kisha akafunga duka saa nane mchana.

Kwa hiyo Julai, nilipomwambia kuwa Mama anakuja, nilitegemea achukue ule mkoba. Aliendelea kumenya viazi. "Safari hii siendi," akasema. "Miaka tisa mimi ni mgeni katika nyumba ninayoilipia nusu ya kodi. Mama akae hata mwaka. Lakini mimi siendi." Hakupandisha sauti. Sikuwa na jibu, kwa kuwa kila neno lilikuwa kweli.

Tukafikia mapatano ya watu waoga: tutanunua kitanda. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, kimoja chetu na kingine cha mizigo ya duka. Cha mizigo tungekisafisha kiwe cha Mama. Katika chetu, kando ya kitanda kikubwa, tungeweka kingine kidogo cha futi tatu kwa sita, ili yeyote atakayechungulia aone wanaume wawili wanaolala kama wanafunzi bwenini. Tulikuwa na siku mbili.

Kitanda chenyewe tulikipata kwa mafundi wa kando ya barabara, cha mbao za saipresi zilizokuwa bado mbichi. Kiliingia mlangoni kwa taabu, na kilipowekwa kikaziba kabati la nguo. Tangu siku hiyo mlango wa kabati ulifunguka kiasi cha mkono kupita, na kila asubuhi tulivuta mashati kwa kupapasa. Godoro ndilo lililotutesa. Tulilifunga juu ya gari la rafiki, na kabla ya kufika nyumbani mvua ya barafu ikashuka kutoka Mlimani. Likafika limelowa kabisa. Mama alikuwa anakuja kesho yake asubuhi. Tukawasha jiko la makaa, tukaliegemeza godoro kwenye viti viwili mbele yake, tukaendelea kubeba mizigo ya duka kutoka chumba kile kingine.

Godoro la sponji haliungui kama kuni. Linayeyuka, linatoa moshi mweusi mzito unaokaba koo, na moto unatembea ndani kabla hujauona nje. Tulisikia harufu, tukakimbia, tukalikokota mpaka uani huku likidondosha matone ya moto kwenye sakafu. Jirani yetu, mama mmoja anayeuza mitumba, alikuja mbio na beseni la maji, na jingine, na jingine, mpaka godoro likazimika. Alipumua, akatutazama, akaangalia lile godoro dogo lililoungua na nyuma yetu mlango wa chumba ulio wazi, kitanda kikubwa kimetandikwa mito miwili, na kile kidogo kimebaki mbao tupu. Akasema tu, "Poleni. Fungueni madirisha, mgonjwa asije akavuta moshi." Hakuwahi kuuliza lolote tangu siku hiyo. Kama unaishi kwa kujificha, jirani wa namna hiyo ni zaidi ya ndugu.

Saa nne za usiku hakuna duka la magodoro lililo wazi Nanyuki. Mwenzangu akaenda dukani kwake akarudi na furushi la magunia matupu ya nailoni, ya chakula cha kuku. Tuliyakunja, tukayapanga tabaka juu ya tabaka, tukaweka blanketi, tukavuta shuka mpaka likakaza pembe zote nne. Ukisimama mlangoni kilikuwa kitanda safi cha mtu nadhifu. Tulisema tutanunua godoro jingine mwisho wa mwezi. Bili ya hospitali iliposomwa, mwisho wa mwezi haukuja.

Hapa lazima nieleze jinsi Mama anavyoniita. Kwa desturi ya Agikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu yake upande wa baba, na wa pili hubeba jina la baba yake mama. Mimi ni wa pili. Nimebeba jina la baba yake Mama, na tangu nikiwa mchanga ananiita "Baba". Ananituma kuni akiniita Baba, ananikanya akiniita Baba. Nami nilitakiwa nioe, nipate mwana, nimpe jina la baba yangu. Kaka amefanya hivyo, dada naye amefanya hivyo kwa mwanawe wa pili, lakini kila mwana ana deni lake. Nilipovuka miaka 30 walianza kuniuliza kuhusu ruracio, yaani mahari. Nilipovuka 40 waliacha kuuliza, wakaanza kuniombea.

Mama akakaa nasi. Mimi niliondoka na basi la shamba kabla ya alfajiri nikarudi jioni. Aliyekuwa naye mchana ni mwenzangu, kwa kuwa duka liko karibu. Ndiye aliyempikia uji wa wimbi, akampashia maji, akajifunza kutoka kwa muuguzi namna ya kumwinua bila kuuzungusha mguu. Kimeru chake na Kikuyu cha Mama vilikaribiana, na pale vilipoachana wakarudi kwenye Kiswahili. Walizungumza kuhusu ng'ombe. Mama ana ng'ombe mmoja wa maziwa aliyekuwa akisumbuliwa na kiwele, na kutoka kitandani Nanyuki, kwa simu, wawili hao walimtibu yule ng'ombe aliyeko Tetu, Baba yangu akishika simu upande wa pili akifuata maagizo. Nilimsikia Mama akimwambia dada, "Huyu kijana wa duka ana mikono ya binti." Alikuwa anamsifu.

Chumba chetu ndicho kilichopata jua la saa nne asubuhi. Mama alipoanza kutembea na fremu yake alilifuata jua hilo, polepole, hatua kwa hatua, akaingia chumbani mwetu peke yake, na kwa kuwa alikuwa amechoka akaketi kwenye kitanda kilichokuwa karibu. Magunia ya nailoni yakalia chini yake.

Niliporudi jioni nilikuta yametolewa yote. Yalikuwa yamekunjwa moja moja, pembe kwa pembe, namna anavyokunja magunia ya chai nyumbani, yamefungwa kwa kamba ya katani na kuwekwa nyuma ya mlango wa jikoni. Blanketi lilikuwa juu yake. Kitanda kilikuwa mbao tupu. "Haya ni ya biashara ya mtu," Mama akasema. "Yakikaa pale panya watayatafuna."

Tulikula githeri kimya. Kisha akamgeukia mwenzangu. "Mwanangu, mama yako yuko hai?"

"Yuko, Mama."

"Anajua unapolala?"

"Anajua. Tangu 2014."

Ni kweli alijua. Januari 2014, alipokuwa akitimiza miaka 43, Binyavanga alichapisha insha ambamo alimwambia mama yake kuwa yeye ni shoga. Na mama yake alikuwa amefariki mwaka 2000. Mwenzangu aliisoma kwenye simu dukani. Akaona mtu mzima, msomi, mwandishi anayejulikana dunia nzima, akimweleza marehemu jambo ambalo hakuweza kumwambia alipokuwa hai. Akafunga duka, akapanda matatu ya Meru, akashuka Chogoria jioni, akamwambia mama yake huku akimsaidia kukamua. Kwetu Tetu habari ya insha ile ilifika kwa redio. Baba aliizima. Huyo ndiye Baba aliyekuwa akinunua gazeti la Jumapili kwa ajili ya safu ya Whispers ya Wahome Mutahi, mwana wa Nyeri, akatusomea kwa sauti mikasa ya nyumba ya Whispers mpaka machozi ya kicheko yakamtoka. Nilizipenda Jumapili zile. Tuliona nyumba ya watu wa mteremko wa Mlima, na baba, mama na watoto wake, ikiwekwa gazetini jinsi ilivyo. Nilitafuta humo mtu kama mimi kwa miaka mingi, na Wahome alipofariki mwaka 2003 nilikuwa bado natafuta.

Pale mezani, Mama akaweka kijiko chini. Mwezi huo nilikuwa na miaka 43.

"Na mimi, Baba," akaniuliza, "nitajua lini?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwa Kikuyu, kwa maneno machache, kwamba huyu ndiye mtu wangu, kwamba hakuna mke anayekuja, na kwamba nimejua hivyo tangu kabla ya Egerton. Hakunikumbatia, na hakunifukuza. Alikaa muda mrefu akishika ile fremu yake. Kisha akasema, "Kila Jumatano ya maombi nimekuombea mke. Sasa nikuombee nini?"

Mwenzangu ndiye aliyejibu. "Omba nyonga ipone kwanza, Mama. Hayo mengine tutaomba pamoja."

Baada ya hapo Mama alizungumza naye siku nyingi kabla ya kuzungumza nami. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Mimi nilikuwa nimepewa miaka zaidi ya 20 kuizoea habari hiyo, na yeye nilimpa sahani moja ya githeri. Aliporudi kwangu, alikuja na kisa cha kijijini kwao, cha mjane asiye na mtoto aliyeoa mwanamke mwenzake ili nyumba yake ipate watoto na majina yasipotee. Ndoa za wanawake kwa wanawake zilikuwapo kwa Agikuyu, kama zilivyokuwapo kwa Wanandi na Wakamba, na Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua ndoa ya namna hiyo ya Kinandi katika kesi ya mirathi mwaka 2011. Najua ndoa hizo zilikuwa na kusudi lake, la watoto na ardhi, na si jambo langu. Mama pia alijua. Alichokuwa akitafuta ni mahali pa kutuweka katika hesabu ya nyumba anazozifahamu. "Wale wanawake walilima pamoja mpaka wakazeeka," akasema. "Hakuna aliyeingia kuhesabu vitanda."

Kisha akaagiza kile kitanda kitolewe, maana hawezi kukaa katika nyumba ambayo kabati halifunguki. Tulimpelekea yule jirani wa mitumba, na binti yake anakilalia hadi leo, juu ya godoro la kweli.

Kwa Baba haikwenda hivyo. Alilisikia jambo letu mwaka 2023, msimu mbaya kuliko yote. Februari 24 Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua, majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba shirika linalotetea haki za watu kama sisi lina haki ya kuandikishwa, ombi lililokuwa limekataliwa tangu 2013. Makanisani na redioni wiki zile hapakuwa na jambo jingine. Baba alirudi kutoka ibadani akamuuliza Mama moja kwa moja, na Mama hakumdanganya. Baba amewaonyesha ndugu zangu sehemu zao za shamba. Yangu imebaki na migrevilea, haina alama ya mpaka, na anasema shamba ni la mtu mwenye mji. Hajawahi kukanyaga Nanyuki. Lakini ng'ombe akiugua hupiga simu dukani, humsalimia mwenzangu kwa heshima, hupokea maagizo, hushukuru. Hivyo ndivyo tulivyo naye. Inaniuma, na sijakata tamaa.

Nyonga ya Mama ilishika vizuri. Siku hizi huja mwenyewe kwa matatu kupitia Kiganjo na Naro Moru, na mkoba wa mwenzangu hauko tena nyuma ya mlango. Vifungu vya 162 na 165 bado viko kwenye vitabu vya sheria, na picha ya ukutani bado hushuka wageni fulani wakibisha.

Nawaandikia wazazi wa Karatina, Othaya, Embu, Chuka na Meru. Kama una mwana aliyevuka miaka 40, anayeishi mjini na "kijana wa kugawana kodi", usingoje uvunjike mfupa ndipo uijue nyumba yake. Mtembelee ukiwa mzima. Mshike mkono yule anayeishi naye, muulize kwao ni wapi na mama yake anaendeleaje, na ukipakia viazi vya kuwapelekea, pakia vya watu wawili.